Mayai yamepungua, kovu lina maisha yake

Kichocho kinaondoka Unguja na Pemba, na kazi iliyofanyika inastahili heshima yake. Katika miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa skuli waliopimwa Pemba walikuwa wakikutwa na mayai ya minyoo kwenye mkojo. Leo, baada ya miongo ya kugawa dawa, kuua konokono na kwenda shehia kwa shehia, maambukizi kwa jumla yameshuka chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya visiwa imeshavuka kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha kuhesabu kwamba kichocho si tatizo la afya ya jamii tena: wenye maambukizi mazito, yaani mayai 50 au zaidi katika mililita 10 za mkojo, wawe chini ya asilimia 1. Habari hizi zinapotangazwa, wengi huzipokea kana kwamba vibofu vya watu navyo vimepona. Hapo ndipo ninapokataa. Hesabu ya mayai inapima minyoo. Haituelezi ukuta wa kibofu uko katika hali gani, kwa sababu ndani ya ukuta ule kuna seli zinazohisi ugumu wa mahali zilipo, na zikishazoea ugumu huweza kuendelea kutengeneza kovu hata mnyoo akiwa ameshakufa. Mpango wa kutokomeza kichocho ukiishia kwenye darubini ya mkojo, utawaacha nyuma walewale walioumia zaidi.

Tuanze na yai. Jike la mnyoo wa kichocho, Schistosoma haematobium, hukaa ndani ya vena ndogo zinazozunguka kibofu, na kila siku hutaga mayai makumi hadi mamia. Yai moja lina urefu wa maikromita 110 hadi 170 hivi, gamba gumu, na mwiba kwenye ncha. Ili litoke mwilini lazima litoboe ukuta wa mshipa, lipenye misuli ya kibofu, livuke utando wa ndani na kudondokea kwenye mkojo. Mengi hayafiki. Yaliyokwama hukaa na kiluwiluwi hai ndani yake kwa wiki mbili tatu, na muda wote huo hutoa protini zinazopenya kwenye gamba. Protini hizo ndizo zinazoita seli za kinga.

Seli hizo hazielei kwenda zinakoitwa. Tishu ni wavu wa nyuzi za kolajeni, protini inayoushikilia mwili pamoja, na matundu ya wavu huo mara nyingi ni madogo kuliko seli yenyewe. Seli hutanguliza utando wa mbele unaosukumwa na nyuzi za ndani ziitwazo aktini, kisha protini ya kuvuta iitwayo mayosini hubana sehemu ya nyuma ili mwili ufuate. Kinachokwamisha safari ni kiini, kwa kuwa ndicho kitu kikubwa na kigumu kuliko vyote ndani ya seli. Eosinofili, seli za kinga ambazo hujazana kuzunguka yai la kichocho, zina kiini kilichogawika vipande viwili vilivyoungwa na uzi mwembamba, hivyo hupita penye upenyo ambao seli nyingine haithubutu. Fibroblasti, seli inayotengeneza nyuzi za tishu na kovu, ina kiini kimoja kikubwa cha mviringo. Yenyewe hukata njia kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni. Seli isiyo na vimeng'enya hivyo husimama kabisa pale eneo la tundu linaposhuka chini ya takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la kiini chake. Ikilazimishwa kupita penye ufinyu, utando wa kiini huweza kupasuka na DNA ikajeruhiwa, kama vikundi viwili vya watafiti vilivyoonyesha mwaka 2016. Kwa hiyo tishu iliyokazana huchuja: huamua nani apite, nani akwame, na aliyekwama afanye nini.

Sasa itazame fibroblasti moja iliyofika kando ya yai. Imeushika uzi wa kolajeni kwa integrini, protini zinazovuka utando wa seli, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Ule wa ndani umeunganishwa na protini nyingine, talini, na talini imeshikana na nyuzi za aktini zinazovutwa na mayosini. Seli inavuta. Uzi ukiwa laini, unakuja. Mvuto unapotea na baada ya muda mfupi mshiko unaachia. Uzi ukiwa mgumu, hauji. Nguvu yote inabaki kwenye talini, mikunjo yake inafunguka, na sehemu zilizokuwa zimefichika zinajitokeza na kushikwa na protini iitwayo vinkulini. Vinkulini inaleta aktini zaidi, mshiko unapanuka, na seli inavuta kwa nguvu kubwa kuliko ya mwanzo. Hakuna neva wala ubongo katika hatua hizi zote. Seli imepima ugumu kwa kuvuta na kungoja kuona kama kitu kinakuja.

Kadiri inavyovuta, ndivyo inavyobadilisha pale iliposhika. Nyuzi za kolajeni hulala upande mmoja, na kimeng'enya kiitwacho laisili oksidezi huzifunga pamoja. Aliyewaona wanawake wetu wakisokota usumba anajua makumbi laini yanavyogeuka kamba ya kufungia ngalawa: nyuzi ni zilezile, ila zimelazwa na kubanwa.

Kwamba ugumu peke yake unaweza kubadilisha tabia ya seli si nadharia ya kupita. Mwaka 2006 kundi la Dennis Discher katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililaza seli shina za uboho wa binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka za aina mbalimbali, kwenye jeli za ugumu tofauti, huku chakula kikiwa kilekile. Kwenye jeli laini kama ubongo, ya kilopaskali 1 (kilopaskali ni kipimo cha ugumu) au chini yake, zilianza kufanana na seli za neva. Kwenye kilopaskali 8 hadi 17 zikaelekea misuli. Kwenye 25 hadi 40 zikaelekea mfupa. Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo huko Padova, Italia, likaonyesha habari hiyo inavyofika kwenye jeni: protini za YAP na TAZ huingia ndani ya kiini seli ikiwa mahali pagumu, na hubaki nje yake ikiwa mahali laini. Fibroblasti ikikaa penye ugumu wa kilopaskali 10 hadi 20 hugeuka miofibroblasti, seli yenye nyuzi za kubana na tabia ya kumwaga kolajeni bila kiasi. Tishu nyingi laini za mwili zenye afya ziko chini sana ya hapo. Ini zima likipimwa ugumu kwa mashine ya hospitali huwa karibu na kilopaskali 5; likivuka 12.5 daktari huanza kuzungumzia sirosisi, yaani ini lililojaa makovu.

Mzunguko huu wa kuvuta na kukaza unakamilishwa na protini iitwayo TGF-beta. Hii ndiyo ishara kuu ya kutengeneza kovu, na mwilini hukaa tayari, imefungwa ndani ya kifuko cha protini kilichonasa kwenye nyuzi. Mwaka 2007 kundi la Boris Hinz lilionyesha kwamba miofibroblasti hufungua kifuko hicho kwa kukivuta. Tishu ikiwa laini, kifuko kinaufuata mvuto na hakifunguki. Tishu ikiwa ngumu, kifuko kimeshikiliwa upande wa pili, hivyo kinafunguka, TGF-beta inatoka, kolajeni inaongezeka, tishu inazidi kuwa ngumu, na mvuto unaofuata unafungua vifuko vingi zaidi. Katika mzunguko huo yai halihitajiki tena. Lilihitajika kuuanzisha tu.

Kibofu kinaumizwa na mzunguko huu kuliko viungo vingi, maana kazi yake yote ni kunyumbuka. Cha mtu mzima hupokea mililita 400 hadi 500 huku shinikizo likibaki dogo. Neva zake na seli za utando wa ndani huhisi mnyumbuko kwa msaada wa protini iitwayo Piezo2, mojawapo ya zile mbili zilizotangazwa mwaka 2010 na kumpatia Ardem Patapoutian sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Watu waliozaliwa na Piezo2 isiyofanya kazi hawahisi vizuri kibofu kinapojaa; wengine huenda chooni kwa kufuata saa. Ukuta wenye kovu una tatizo lake: haunyumbuki, kwa hiyo shinikizo linapanda mapema, mtu anabanwa na haja kila mara na anatoka kidogo kidogo. Mdomo wa mrija unaoshuka kutoka figo nao hubanwa na kovu, mkojo unarudi juu, na figo inatanuka kwa maji. Mtu huyo anaweza kupeleka mkojo wake maabara na usionekane hata yai moja.

Wanaotofautiana na mtazamo huu wana hoja, na hazina uzito sawa. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kibofu cha mtoto hupona. Ni kweli. Uchunguzi wa altrasaundi katika nchi kadhaa za Afrika umeonyesha kwamba baada ya dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vinundu na unene wa ukuta hupungua sana ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili, na kwamba hurudi mtoto akiambukizwa upya. Mwenye hoja hii husema: punguza mayai, tishu itajirekebisha yenyewe. Naikubali kwa mtoto wa miaka minane. Siikubali kwa mtu wa miaka hamsini aliyekulia kando ya mto, na biolojia ya ugumu ndiyo inayoeleza kwa nini wawili hawa wanatofautiana. Mwaka 2014 kundi la Kristi Anseth katika Chuo Kikuu cha Colorado liliweka seli shina kwenye plastiki ngumu, kisha likazihamishia kwenye jeli laini. Zilizokaa kwenye ugumu kwa muda mfupi zilitoa YAP nje ya kiini. Zilizokaa siku kumi zilibaki nayo ndani, kana kwamba bado ziko kwenye plastiki. Kwa panya, utafiti wa mwaka 2012 juu ya makovu ya ini ulikuta kwamba, chanzo kikiondolewa, karibu nusu ya miofibroblasti hufa na nusu nyingine hutulia. Lakini zilizotulia huamka upesi kuliko mwanzo zikichokozwa tena. Kibofu cha binadamu si sahani ya maabara, na siku kumi za plastiki haziwezi kulinganishwa na miaka ishirini ya kuoga mtoni. Mwelekeo, hata hivyo, ni mmoja: muda uliokaa kwenye ugumu una uzito wake, na kila maambukizi mapya hukuta seli zilizokwisha kuandaliwa.

Hoja ya pili hutoka kwa wataalamu wa kinga. Wanasema kovu la kichocho linaendeshwa na interlukini-13, ishara ya seli za kinga, na kwamba mambo ya kuvuta nyuzi ni ya pembeni. Kazi iliyofanyika juu ya panya kuhusu interlukini-13 ni imara na sina ugomvi nayo. Ila inaeleza mwanzo kuliko inavyoeleza mwisho. Yai likiwa hai, ishara ya kikemikali ndiyo inayotawala. Kiluwiluwi kikifa ishara hiyo hupungua, lakini ugumu umeshajengwa. Wanaongeza kwamba jeli za maabara ni bapa ilhali tishu ina pande tatu, na hapo wana haki: ndani ya wavu wa pande tatu seli huweza kubanwa na matundu madogo hata nyuzi zenyewe zikiwa laini, na vipimo vya kilopaskali kutoka kwenye sahani havihamishiki moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa kibofu. Ni sababu ya kutokariri namba. Haiwi sababu ya kuyaacha makovu nje ya takwimu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi mitaani na hata kwenye baadhi ya vikao: hakuna yai, hakuna ugonjwa. Anayesema hivyo na aangalie yai linavyotafutwa. Mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Chupa hutikiswa, mililita 10 huvutwa kwa sirinji na kusukumwa kwenye chujio lenye matundu ya maikromita 12 hivi, chujio huwekwa kwenye kioo, na mayai huhesabiwa kwa darubini. Chupa isipotikiswa, mayai hubaki chini. Sampuli ikikaa muda mrefu kwenye joto na mwanga, mengine huanguliwa. Mwenye mayai machache anaweza kuwa nayo leo na asiwe nayo kesho, ndiyo maana sampuli ya siku moja huwakosa wengi wenye maambukizi mepesi. Hayo ni makosa ya kipimo, na yanaweza kurekebishwa. Lisilorekebishika ni hili: ukuta uliojaa kovu huyazuia mayai. Kwa mtu aliyeugua miaka mingi, idadi ya mayai kwenye mkojo hushuka huku madhara yakipanda, na mayai yaliyokufa hukauka kwa chokaa ndani ya tishu na kuonekana kama madoa ya mchanga. Kwa mtu kama huyu mkojo safi unaweza kuwa dalili kwamba mlango umefungwa.

Kuna pia wanaosema tungoje dawa ya kuyeyusha makovu. Dalili za karibuni hazitii moyo. Simtuzumabu, kingamwili iliyolenga kimeng'enya cha kufunga nyuzi za kolajeni, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ini na majaribio yakasitishwa mwaka 2016 kwa kukosa manufaa. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa makovu ya mapafu, hupunguza kasi ya ugonjwa na hazimrudishii mgonjwa pafu lake. Kolajeni iliyokwisha kufungwa haifunguki kwa kuzuia kifungo kipya. Kwa hiyo nafasi ya maana ni kabla kovu halijakomaa, na nafasi hiyo tunayo.

Inaanza mapema kuliko skuli. Kwa miaka mingi dawa ilimfuata mtoto darasani, wakati yeye ameshaogeshwa mtoni tangu hajajua kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Februari 2022 umeteremsha umri wa kugawiwa dawa hadi miaka miwili. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali aprazikwanteli, aina ya prazikwanteli iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Kwa kidonge cha kawaida cha prazikwanteli dozi ni miligramu 40 kwa kilo, maana yake mtoto wa kilo 15 anahitaji kidonge kimoja cha miligramu 600. Dawa hii humuua mnyoo mkubwa na humwacha aliyeingia karibuni, kwa hiyo mtoto wa shehia yenye maambukizi sugu aliyepewa dozi moja anaweza kuwa na mayai tena baada ya wiki chache bila kugusa maji. Kila wiki iliyookolewa hapo ni wiki ambayo fibroblasti haikuvuta penye ugumu.

Kwa watu wazima kipimo kinachostahili ni altrasaundi, na utaratibu wake upo tangu zilipokubaliwa kanuni za Niamey mwaka 1996. Kibofu kipimwe kikiwa kimejaa kiasi. Ukuta unaozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa umenenepa. Kosa la kawaida ni kupima kibofu kitupu, kwani ukuta wowote ukijikunja huonekana mnene. Kosa la pili ni kinyume chake: kibofu kikijaa kupita kiasi, figo huonekana zimetanuka ilhali ni nzima, hivyo aliyeonekana na figo zilizotanuka akakojoe kisha apimwe tena. Hakuna sababu ya kumpima kila mtu. Kusini mwa Unguja, pande za Makunduchi, konokono anayebeba kichocho, Bulinus globosus, hayupo, na kupeleka mashine huko ni kupoteza muda. Mashine iende kaskazini na kati ya Unguja, Kinyasini na Chaani, na kwenye shehia za mabonde za Pemba, kwa waliozaliwa kabla dawa hazijaenea na kwa yeyote anayekojoa damu baada ya kumaliza matibabu. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi ina zaidi ya miaka ishirini ya kumbukumbu za vijiji hivi, kwa hiyo mahali pa kuanzia panajulikana.

Wanawake wahesabiwe upya pia. Yai lililonasa kwenye shingo ya kizazi huleta madoa yaleyale ya mchanga, na mara nyingi madoa hayo hubaki baada ya prazikwanteli. Mwanamke huyu mkojo wake unaweza kuwa safi huku akitibiwa kwa maradhi ya zinaa asiyokuwa nayo, na nyumbani akinyooshewa kidole. Mkunga na daktari wa kliniki wafundishwe kuyatambua kwa macho. Kuna na suala la saratani: mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka Schistosoma haematobium katika kundi la kwanza la visababishi, na saratani hiyo ya kibofu hujitokeza miaka mingi baada ya maambukizi. Kizazi kilichopata mayai mengi miaka ya 1980 sasa kinaingia umri huo.

Atakayekutwa na ukuta mnene apewe dozi na apimwe tena baada ya miezi sita. Ukuta ukipungua, afuatiliwe kituoni kwake. Usipopungua, au figo ikiwa bado imetanuka baada ya kukojoa, asiandikiwe dozi nyingine ya kichocho na kurudishwa nyumbani. Apimwe kazi ya figo na apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa sababu mrija uliobanwa na kovu hufunguliwa kwa mkono wa daktari.